Kura Tisa

Benchi la kijiwe kile ni mlango. Mlango wa kweli, wa mbao nzito, uliong'olewa kwenye nyumba ya mtu zamani na kulazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi redio. Tundu la ufunguo bado lipo, na mgeni asiyejua hukaa juu yake akainuka na alama. Mbele ya mlango huo kuna jiko la mkaa, birika jeusi kama roho ya mwajiri, na vikombe sita visivyo na mikono. Tangu siku arobaini na moja zilizopita, dunia ilikuwa imebaki hapo tu: wanaume wanne, kahawa, na barabara ya vumbi iliyosahau nyayo. Wanawake wote wa kile kituo cha biashara, pamoja na wanaume wachache wenye akili timamu, walikuwa wamefunga masufuria, maturubai na watoto migongoni wakaenda kulikalia shamba la katani, lile ambalo kampuni ililitelekeza miaka kumi na sita iliyopita na bado ilikuwa ikililinda kwa mbwa na mawakili. Wanaume wasio na akili timamu walikuwa kijiweni, wakilichambua jambo.

Kijana waliyemwita Digrii ndiye aliyewahi kufika asubuhi hiyo, kama kawaida yake. Mtu asiye na kazi huwahi sana kazini.

Digrii yenyewe ilikuwa ya maendeleo ya jamii. Miaka minne chuoni, second class upper, cheti kwenye bahasha ya plastiki chini ya godoro, pamoja na barua sitini na tatu za "tunasikitika kukufahamisha". Mama yake aliishia darasa la nne, na mama yake ndiye aliyekuwa huko shambani akiyafanya hayo maendeleo ya jamii. Mwenyekiti wa wakaazi. Nyumba mia mbili na kumi na mbili nyuma yake. That was the joke, na kijana hakuwa na mtu wa kucheka naye.

Mzee Birika alifika akiburuta mguu wake mbovu, akapuliza mkaa. Muuza kahawa huyo alikuwa na miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakuna aliyekijua. Baada yake fundi redio akafungua kibanda. Yeye aliitwa Shotiwevu, kwa sababu kila jambo alikuwa amelisikia kwenye masafa mafupi, usiku, kutoka nchi ambayo jina lake lilimezwa na mikwaruzo. Wa mwisho alikuwa Gia, kijana wa pikipiki, aliyeegesha chombo chake na kukaa bila kuvua kofia ngumu. Abiria wake wote walikuwa wanawake. Hakuwa amebeba mtu tangu waondoke.

Gia akanywa fundo moja, akakunja uso.

– Mzee, hii ni kahawa au oili chafu?

– Kunywa. Mkaangaji yuko shambani.

– Jana ilikuwa na nafuu.

– Jana ilikuwa ya mwisho katika ile aliyoikaanga mke wangu. Hii nimekaanga mwenyewe. Nayo imebaki birika hili moja.

– Basi leo likiisha tumekwisha.

– Leo tumekwisha kwa njia nyingi, alisema Mzee Birika, akatazama barabara.

Kila mtu alijua alichokuwa anakisema, maana leo ndiyo ilikuwa siku ya kuandikwa. Kampuni ilikuwa imesalimu amri, serikali imeunda tume, na tume ilikuwa inakuja mchana kulichukua daftari. Atakayekuwa kwenye daftari, jina lake litaingia kwenye kadi ya ardhi ya nyumba yake. Na wanawake walikuwa wamejiwekea kanuni ngumu kama mfupa wa paja: kila mtu aitikie kwa kinywa chake mwenyewe, pale pale shambani, chini ya banda la mzani wa katani. Mke asimwitikie mume, mume asimwitikie mke, wala mama asimwitikie mtoto. Mgao wa zamani ulikuwa umewafundisha. Mara ile waliandikwa wanaume waliokuwa baa, na waliokuwa na majembe mkononi wakaambiwa wao ni "na familia". Mwito ungeanza saa sita kamili.

– Msomi, Shotiwevu alisema, hebu turudishie kile kifungu. Leo nataka kukisikia vizuri.

Digrii alikigeuza kikombe.

– Si nilishasema.

– Rudia. Dawa hunywewa mara tatu.

– Kifungu cha kumi na saba, alisema Digrii, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka. Daftari lolote la ardhi lisilo na saini za wakuu wa kaya ni null and void.

– Nalendivoidi! Shotiwevu alipiga paja. Sikia hiyo. Hata ukiwa hujui maana unaona kabisa kuna kitu kimevunjika. Sasa wakuu wa kaya ni akina nani? Si sisi? Na sisi tuko wapi? Tuko hapa! Wataandika weee, tume italifungua daftari, itauliza, mabwana wako wapi? Watakuja wenyewe kutupigia magoti.

– Mimi nilimwandikia mke wangu hivyo hivyo, alisema Gia. Nikamwambia rudi, sheria imekataa. Unajua alinijibu nini?

– Nini?

– "Iambie sheria ije ichote maji."

Mzee Birika alicheka mpaka akamwaga. Digrii hakucheka. Alitazama kivuli cha kibanda, akakadiria saa. Saa nne na nusu.

– Shida ya wanawake ni haraka, alisema Shotiwevu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tumekaa siku arobaini na moja. Baraka yetu hiyo itabebwa kwa lori!

– Mvumilivu hula mbivu, aliongeza Gia.

– Umeona? Na kimya kingi kina mshindo mkuu.

– Kimya gani, fundi? Wewe hujanyamaza tangu juzi.

– Nasema kimya cha mwili.

Mzee Birika akawajazia.

– Mimi ninachojiuliza, alisema, ni nani aliyewapa ujasiri. Mke wangu alikuwa anaogopa hata kuku wa jirani. Siku kampuni ilipoleta lile trekta la kubomoa vibanda, nasikia yeye ndiye alikuwa wa pili kulala kwenye geti.

– Wa kwanza?

Macho ya wote watatu yalimwendea Digrii kisha yakarudi kwenye vikombe. Wa kwanza alikuwa mama yake. Hakulala, kwa kweli. Hadithi ilikuwa imenenepa njiani. Mama alianika nguo. Aliwaambia wanawake wote wafue siku hiyo, wakaanika kwenye geti la kampuni kuanzia nguzo hadi nguzo, mashuka, sidiria, chupi, nepi, na dereva wa trekta, mtu mzima mwenye watoto, akazima injini akasema yeye hawezi kupita juu ya nguo za ndani za mama mkwe wake. Chuoni walimsomesha Digrii muhula mzima wa mbinu za uhamasishaji. Hakukuwa na mada ya sidiria.

– Ni mradi, alisema Gia. Kuna watu wa mradi wamewapa hela.

– Mradi gani unalipa watu walale kwenye turubai? Shotiwevu aliinama, akashusha sauti. Ni maji. Kampuni ilipoondoka iliacha dawa kwenye kile kisima. Mwanamke akiyanywa, sauti inakuwa nzito. Sauti ikiwa nzito, anataka uenyekiti. Hiyo imeshatokea nchi fulani, nimeisikia mwenyewe.

– Nchi gani?

– Redio ilikwaruza hapo. Lakini wanawake wa huko walichukua mashamba yote, wakaunda wizara. Wizara ya Waume! Unapelekwa pale, unapimwa kimo, unapigwa muhuri, unakodishwa kwa msimu. Ukivunja kikombe, unarudishwa stoo.

– Na chakula?

– Chakula unapewa, acha ushamba.

– Mbona si mbaya, alisema Gia taratibu. Mimi jana nimelala na mkate mkavu.

– Gia!

– Nasema tu.

Mzee Birika akainua kidole. Alikuwa na yake.

– Nyie mnatazama juu juu. Ardhi yenyewe ni mke. Inalimwa, inapandwa, inazaa. Mwanamke akiimiliki ardhi, hiyo ni mke kaoa mke. Mvua ikija itamwagikia nani? Itachanganyikiwa. Itaanza kunyesha kwa pembeni.

– Kwa pembeni kivipi?

– Hivi! Mzee alilaza kiganja. Kama upepo. Inapita juu ya mazao inakwenda kulowesha ukuta.

– Nakubali, alisema Shotiwevu. Na mle kwenye mitungi ya maji wanayobeba vichwani si maji. Ni udongo. Wanachimba handaki usiku kutoka bandani hadi hapa. Siku moja utashangaa benchi linainuka, mkeo anatokea kwenye tundu la ufunguo.

– Angetokea leo ningemsalimu, alisema Gia.

Upepo uliokota karatasi, ukaitembeza mbele ya maduka yaliyofungwa: la vitambaa, la unga, saluni yenye kiti kimoja kinachoangalia kioo. Mtu angeweza kuivuka barabara ile kwa kutambaa na asigongwe na chochote.

– Lakini kampuni imekwisha, alisema Mzee Birika, kama anayejifariji. Miaka kumi na sita haikuonekana shambani. Wahenga walilimaliza hilo. Asiyekuwepo na lake halipo.

– Barabara kabisa! alisema Shotiwevu. Asiyekuwepo na lake halipo. Wacha kampuni ilie.

Wakagongesha vikombe, wanaume watatu wasiokuwepo, wakiisikitikia kampuni. Digrii alikiweka chake benchini. Hakugongesha.

Kwa sababu kifungu cha kumi na saba hakikuwepo. Kumi na saba ilikuwa namba ya chumba chake cha bweni.

Alikitunga hapo hapo kijiweni, jioni ya uchaguzi, siku moja kabla ya wanawake kuondoka. Siku ile ukumbi ulijaa, wakakubaliana kupiga kura kwa kupanga mstari: unayemtaka, simama nyuma yake. Digrii alijitokeza kugombea uenyekiti. Ndiye aliyeiandika katiba ya wakaazi, kurasa kumi na moja, ndiye aliyejua kusema stakeholders. Nani mwingine? Kisha mwanamke mmoja akapaza sauti, akamtaja mama yake, na mama akainuka kutoka sakafuni akipangusa sketi, akaenda kusimama upande wa pili. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka kura zihesabiwe. Kwa hiyo walisimama wakitazamana, mama na mwana, hatua kumi kati yao, na Digrii akauona mstari wa nyuma ya mama yake ukirefuka, ukafika mlangoni, ukatoka nje, ukaanza kuuzunguka ukumbi. Yaliyo nyuma yake mwenyewe hakuyaona. Aliyasoma usoni mwa mama. Mama alikuwa anaangalia juu ya bega la mwanawe, kisha akaacha kuangalia.

Kura tisa. Watatu walikuwa hawa wa kijiweni.

Mama alipopewa nafasi ya kusema, jambo la kwanza lilikuwa kumnyooshea mkono. "Nataka mwanangu awe katibu." Naye, mbele ya watu wote, akajibu: "Mimi si karani wa mama yangu." Kisha akatoka, akaja hapa, akakaa kwenye mlango huu, akawaambia wenzake kwamba yote ni bure, kuna kifungu. Alitaka tu kusikia mtu akisema "kweli, msomi." Wakasema. Ukatibu akapewa msichana aliyeishia kidato cha pili, mwenye mwandiko mzuri.

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa kubwa. Vyumba viwili vile vile, lakini alikuwa akiweka kijiko mezani na kukisikia mpaka chumba cha pili. Kanga ya kazi ya mama ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango, na kila alipoufunga iligeuka kidogo kama mtu anayetaka kusema kitu. Maharage aliyaunguza mara nne. Juzi simu iliingiza ujumbe wa sauti, naye aliusikiliza akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa, kisha gizani: "Mwanangu. Siku ya kuandikwa ni keshokutwa, saa sita. Kanuni unaijua. Siwezi kukuitikia. Wakinikuta nimemwitikia mwanangu, kila mmoja atamwitikia wake, na tutakuwa tumerudi kule kule. Kwa hiyo njoo. Nakuomba, njoo." Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake wengi wakicheka kwa pamoja, kitu fulani kuhusu chumvi.

Hakujibu. Kila alipoanza kuandika, aliona mstari unauzunguka ukumbi.

– Jamani hodi.

Mtu alikuwa amesimama na baiskeli. Mtu mrefu, matope makavu hadi mapajani, mabati mawili na godoro vimefungwa kwenye keria. Hawakumjua.

– Karibu, alisema Mzee Birika. Kahawa?

– Nipe. Nimetoka mbali. Mimi mchimba visima, nilikuwa kazini mwezi mzima huko juu. Alikunywa kwa mkupuo, akakunja uso, akaomba radhi kwa kukunja uso. Mke wangu yuko kule shambani. Nawahi kuandikwa. Nyie mmeshaandikwa?

– Sisi hatuandikwi, alisema Shotiwevu, akajinyoosha. Sisi ndio tunaosubiriwa.

– Na nani?

– Na sheria. Keti, mgeni, uelimishwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Daftari lile bila wakuu wa kaya ni nalendivoidi. Kifungu cha kumi na saba.

Mchimba visima alikifikiria kitu hicho kwa heshima. Alikuwa mtu wa kuchimba. Hakuwa na haraka ya kufika chini.

– Karatasi yake iko wapi?

– Karatasi ya nini?

– Ya hiyo sheria. Maana kama ndivyo, hata mimi nisijichoshe, na godoro hili ni zito. Nionyesheni imeandikwa wapi.

Gia alimtazama Shotiwevu, na Shotiwevu akamtazama Mzee Birika. Mzee alilifunika birika, akalifunua, akalifunika. Siku arobaini na moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.

– Msomi, alisema Shotiwevu, mpe mtu karatasi yake.

Digrii alikuwa na maneno. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho. Chuo kilimpa maneno na kikamnyima pa kuyapeleka. Angeweza kusema marekebisho, angeweza kusema gazeti rasmi, angeweza kusema Kilatini. Mchimba visima alikuwa anamsubiri, kikombe mkononi, uso wake hauna ubaya wowote.

– Haipo.

– Umeiacha nyumbani? aliuliza Gia.

– Haipo, Gia. Hakuna kifungu. Nilikitunga.

– Ulikitunga.

– Nilikuwa na hasira.

Kuku mmoja alivuka barabara yote, upande hadi upande.

– Ahsanteni kwa kahawa, alisema mchimba visima kwa upole, akaweka kikombe, akapanda baiskeli yake na mabati yakaanza kulia kwenda zake.

Gia ndiye aliyesimama kwanza. Alizungumza pole pole, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

– Mtoto wangu ameota jino. Nimeambiwa kwa simu. Nikasema nitaliona baadaye, sheria kwanza.

– Gia, mimi...

– Usiniambie kitu, msomi. Wewe usiniambie kitu tena maisha yako yote.

– Saa ngapi sasa? Shotiwevu alikuwa ameingia kibandani na kutoka, ameingia na kutoka, hajui anatafuta nini. Saa ngapi? Redio zote hizi na hakuna inayosema saa!

– Saa tano na dakika ishirini, alisema Digrii.

– Kwa miguu ni mwendo wa saa tatu, alisema Mzee Birika.

– Kwa pikipiki ni nusu saa na ushee, alisema Gia. Ina mafuta. Sijabeba mtu, yangeishia wapi? Nachukua wawili. Wa tatu tairi itapasuka.

Shotiwevu alikuwa ameshapanda, koti lake limegeuka nje ndani, bisibisi bado sikioni. Ikabaki nafasi moja. Mzee Birika alisimama kando ya pikipiki akiwa ameshika mguu wake kwa mkono, kama anayeushauri. Alimtazama Digrii kisha akatazama chini.

Digrii aliiona nafasi ile. Ngozi ya kiti ilikuwa imechanika, sponji imetokeza. Aliona pia kwamba Gia hamtazami, na kwamba hata hivyo akipanda, Gia atamfikisha.

– Panda, mzee.

– Na wewe? Mama yako...

– Panda. Mimi ndiye niliyekukalisha.

– Hukunikalisha, mwanangu, alisema mzee, akijipandisha kwa taabu. Hata ungesema kifungu cha elfu mbili ningekaa. Nilitaka mtu aniambie nikae. Akajishikiza kwa Shotiwevu. Nitakuwekea nafasi.

– Haiwekwi.

– Kweli. Haiwekwi. Basi niangalizie jiko.

Pikipiki ikaguna, ikainama nyuma, ikaondoka. Vumbi lilisimama angani muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kulisumbua.

Digrii akakaa. Akainuka, akatembea hatua mia moja kuelekea shambani, akarudi. Akahesabu tena: saa tatu kwa miguu, mbili akikimbia, na yeye si mkimbiaji. Alizima jiko kwa kulimwagia masalia ya birika, akasuuza vikombe, akavipanga. Jua likapanda mpaka kivuli cha kibanda kikaingia chini ya benchi. Akaitoa simu.

Iliita mara tano.

– Mwenyekiti nasikia.

– Mama. Ni mimi.

Kelele za watu wengi, kisha kelele zikawa mbali, kama amejitenga na umati kidogo.

– Uko wapi?

– Mama, kile kifungu nilichowaambia watu. Hakipo. Nilidanganya.

– Najua.

– Unajua?

– Nilijua wiki ile ile. Wanawake waliniuliza, nikaenda kwa wakili mmoja, akasema hajawahi kukisikia.

– Kwa nini hukuwaambia wale wazee?

– Niwaambie nini? Kwamba mwanangu ni muongo? Wanawake niliwaambia msihofu, endeleeni. Hao waume zao nilikuachia wewe. Nilisema atakuja mwenyewe aseme. Kila asubuhi nilikuwa naangalia barabara.

– Nimewaambia leo. Wako njiani. Watatu, kwa pikipiki ya Gia.

– Wakifika kabla nyumba zao hazijapita, wataandikwa. Na wewe uko nyuma yao?

Alitazama mlango aliokuwa ameukalia.

– Niko kijiweni, mama.

Alisikika msichana, yule wa kidato cha pili bila shaka, akisema: "Mwenyekiti, saa sita imetimia. Tume wameshakaa."

– Huwezi kusogeza mbele? aliuliza Digrii. Lisaa limoja. Mawili.

– Kuna mama hapa amejifungua juzi, ameletwa kwa mkokoteni ili aitikie. Nimwambie asubiri mwanangu?

– Hapana.

– Hapana, alisema mama yake, na sauti yake ikatetemeka mara moja tu, kisha ikasimama. Sikati simu. Naiweka hapa mezani. Lakini nafanya kazi.

Na akafanya kazi. Nyumba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Aliita jina, sauti ikajibu "nipo", wakati mwingine ya bibi, wakati mwingine ya mtoto aliyefundishwa kuitikia kwa nguvu na watu wakamcheka kwa upendo. Digrii aliiweka simu kwenye goti lake na kuisikiliza kama Shotiwevu anavyozisikiliza nchi zake. Ilipofika nyumba ya thelathini alisikia muungurumo, kisha kishindo cha vicheko na vigelegele vya kejeli, mwanamke akipaza sauti, "Sheria imekuja! Ipeni ndoo ikachote maji!" Nyumba ya fundi redio ilipoitwa, Shotiwevu aliitikia kabla jina halijaisha. Mzee Birika aliitikia mara mbili, akaambiwa moja inatosha. Gia aliitikia na sauti ikamkatikia katikati. Labda alikuwa amelishika lile jino kwa kidole. Nyumba ya mia na tisini na saba ilikuwa ya mchimba visima. Naye alikuwepo, akihema.

Nyumba ya mwenyekiti iliitwa mwisho, kama walivyokubaliana kwamba kiongozi atakula wengine wakishashiba. Mama aliliita jina lake mwenyewe, akalijibu mwenyewe, na watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Kanuni ilisema kila jina liitwe mara tatu.

Mara ya kwanza aliliita lote, majina matatu, kama lilivyo kwenye cheti cha chuo. Mara ya pili aliliita moja tu, lile la shuleni. Mtoto fulani akakohoa. Mara ya tatu alichelewa, mpaka Digrii akadhani simu imekatika, kisha akaliita lile la nyumbani, la utotoni, kwa sauti ile ile ya kumwita kutoka uani chakula kikiwa tayari, ya kupandisha mwishoni.

– Naam, mama, alisema Digrii.

Alilisema kwa nguvu. Alilisema akiwa amesimama. Lilifika kwenye saluni ya kiti kimoja na kwenye duka la unga, likarudi.

Kwenye simu msichana wa kidato cha pili aliuliza kitu kwa sauti ya chini. Mama yake akajibu, hajafika, na karatasi ikafunuliwa.